Jungu Kuu Halikosi Ukoko, Lakini Nani Atapika Kesho?

Katika mabaraza ya Mji Mkongwe, kuanzia Jaws Corner mpaka Malindi, upo ubishi mmoja usiozeeka. Timu ikifungwa, kahawa haijapoa kabla mtu mmoja hajasema kuwa mchezaji fulani amekwisha. Miguu haimfikishi tena penye mpira, na apumzishwe. Mwengine humjibu kwa ukali kwamba bila ya mzee huyo tungefungwa matano, na kwamba hao vijana wanaotajwa hawajui hata kusimama uwanjani. Adhana ya Isha huwakuta pale pale, na kesho yake huanza upya.

Wote wawili husema kweli, ndiyo maana hapatikani mtu wa kuwaamua. Mchezaji mkongwe hupungukiwa, na papo hapo huwa na kitu ambacho mwengine hana. Lakini swali wanaloligombania ni nusu ya swali. Nusu ya pili, ambayo ndiyo yenye uzito kwa mustakabali wa timu, ni hii: katika miaka yote aliyocheza mzee huyu, nani aliwekwa ubavuni mwake ajifunze? Ikiwa jawabu ni "hakuna", basi kumpumzisha ni msiba na kumwacha ni msiba, na lawama si yake.

MWILI NA AKILI HAVIZEEKI PAMOJA

Ujana wa mchezaji hauondoki wote kwa siku moja. Kinachotangulia kuondoka ni mbio za ghafla, zile hatua chache za mwanzo zinazomwacha beki amesimama. Kisha hupungua kuruka. Kisha hupungua kupona: kijana aliyecheza Jumamosi huamka Jumapili akaenda kupiga mbizi Forodhani, ilhali mwenye miaka 34 huzipanda ngazi za nyumba yake akishika ukuta. Jicho, hata hivyo, hubaki, na kwa miaka kadhaa huzidi kuwa kali. Mkongwe hufika penye mpira akitembea kwa sababu alijua tangu mwanzo utaangukia wapi. Ndiyo maana mlinda mlango Dino Zoff aliweza kulinyanyua Kombe la Dunia la mwaka 1982, akiwa nahodha wa Italia mwenye umri wa miaka 40, na Roger Milla wa Cameroon akafunga bao katika fainali za mwaka 1994 akiwa na miaka 42.

Mchezo unaoidhihirisha habari hii kuliko yote ni mpira wa kikapu. Uwanjani huwamo watu watano tu kwa kila upande. Akichoka mmoja, sehemu moja katika tano ya timu imechoka, na hapana pa kumficha kama anavyoweza kufichwa mtu mmoja miongoni mwa kumi na mmoja. Wakichoka watatu, timu nzima imezeeka. Kwa hiyo, kabla ya kuyatazama ya kwetu Unguja, tupite kidogo Marekani, ambako mchezo huo ni ajira kubwa na ambako timu mbili maarufu zilikabiliwa na uzee kwa njia mbili tofauti.

BOSTON NA SAN ANTONIO

Timu ya kwanza ni Boston Celtics. Katika miaka ya 1980 ilikuwa na mastaa watatu wa mstari wa mbele: Larry Bird, Kevin McHale na Robert Parish. Watatu hao walitwaa ubingwa wa Marekani mwaka 1981, 1984 na 1986, wakapendwa na mji wao kama watoto wa nyumbani. Kufika mwaka 1988 Parish alikuwa na miaka 35, na wenzake wawili wamekwisha kuvuka 30. Bird alisumbuliwa na mgongo na McHale na mguu. Klabu iliwashikilia kwa mapenzi, na mapenzi si dhambi. Lakini wote walizeeka kwa pamoja. Kijana aliyechaguliwa kuja kuwarithi, Len Bias, alifariki dunia mwaka 1986, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa, kwa sababu ya dawa za kulevya. Mwengine, Reggie Lewis, aliyekuwa amekwisha kuwa nguzo mpya ya timu, alianguka akifariki mazoezini mwaka 1993 akiwa na miaka 27. Bird alistaafu mwaka 1992, McHale mwaka 1993, na Parish akaondoka mwaka 1994. Boston haikuonja tena ubingwa hadi mwaka 2008. Hesabu, msomaji: kutoka 1986 mpaka 2008 ni miaka 22.

Mauti ni amri ya Mungu, wala hakuna klabu inayoweza kuizuia. Lakini timu iliyotegemeza kesho yake yote juu ya kijana mmoja, kisha juu ya kijana mwengine mmoja, haikuwa na akiba ya kutosha ghalani.

Timu ya pili ni San Antonio Spurs. Mwaka 1997 ilikuwa na mkongwe wake, David Robinson, mrefu na mpole, aliyekuwa amefikia miaka 32. Ikamleta kijana Tim Duncan, mrefu kama yeye na anayecheza sehemu ile ile. Klabu nyingi zingewagombanisha. Hawa walichezeshwa pamoja, ubavu kwa ubavu, kwa miaka sita. Wakashinda mwaka 1999, wakashinda tena mwaka 2003, na Robinson akaaga akiwa na kombe mkononi. Kabla ya siku hiyo walikuwa wamekwisha kuletwa Tony Parker mwaka 2001 na Manu Ginobili mwaka 2002, wakakua chini ya Duncan. Duncan naye alipozeeka aliletewa Kawhi Leonard mwaka 2011. Mwaka 2014 Spurs walipotwaa ubingwa wao wa tano, Duncan alikuwa na miaka 38, na mchezaji bora wa fainali akawa Leonard mwenye miaka 22. Neema hiyo nayo ilikatika baada ya Duncan kustaafu mwaka 2016 na Leonard kuondoka mwaka 2018, kwani hakuna ghala lisilokwisha likiacha kujazwa. Lakini kwa muda wa miaka 17 kila mzee alikuwa na kijana wake, na kila kijana alimjua mzee wake.

MIAKA 22 YA ZANZIBAR

Sasa turudi nyumbani, na tuutazame mchezo ambao ndio unaobeba majina makubwa ya visiwa vyetu, yaani kandanda.

Mwaka 1995 timu ya Zanzibar ilikwenda Uganda katika Kombe la Chalenji, ikawafunga wenyeji bao 1 kwa 0 katika fainali, na kombe likavuka bahari kuja Unguja. Hicho kilikuwa kizazi cha mpira uliokomaa. Malindi ilikuwa imetwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1989 na tena mwaka 1992, katika ligi ambayo timu za Zanzibar zilipambana na vigogo wa Bara. Baada ya kombe la 1995, Zanzibar haikufika tena fainali ya Chalenji hadi Desemba 2017 mjini Machakos, ilipotoka sare ya 2 kwa 2 na Kenya, kisha ikashindwa kwa mikwaju ya penalti. Kutoka 1995 mpaka 2017 ni miaka 22. Ni muda ule ule waliokaa Boston. Mtoto aliyezaliwa usiku wa kombe alikuwa amekuwa mtu mzima mwenye ndevu ndipo alipoiona fainali.

Je, kwa nini kizazi kile hakikuacha mrithi wa haraka? Sababu ni nyingi, lakini mojawapo ni ya maumbile ya mpira wetu. Ligi ya Muungano ilikoma mwaka 2003. Tangu hapo kijana wa Unguja anayetaka kukutana kila wiki na timu kubwa za Bara, na kulipwa mshahara wa kumlisha mama yake, hana budi kupanda boti. Nadir Haroub, tuliyemzoea kwa jina la Cannavaro, alitoka Malindi kwenda Yanga mwaka 2006. Feisal Salum alitoka JKU kwenda Yanga mwaka 2018. Ibrahim Hamad, yaani Bacca, alitoka KMKM kwenda Yanga mwaka 2022. Hakuna wa kuwalaumu. Riziki hufuatwa, na mafanikio yao ni fahari ya kila mtaa uliowalea.

Lakini tazama kinachobaki nyuma. Kijana huondoka akiwa na miaka 20 au 24. Akirudi, hurudi akiwa na miaka 33 au 34, magoti yamefungwa bandeji. Kwa hiyo klabu zetu huwa na watoto, na huwa na wazee, lakini zina upungufu mkubwa wa watu wazima wa katikati. Katika timu yenye watu wa rika zote, kijana wa miaka 18 hujifunza kwa yule wa 23, wa 23 kwa yule wa 28, na elimu hushuka kama maji ya ngazi. Kwetu ngazi za katikati zimeng'oka. Ndiyo maana mkongwe anaporudi nyumbani, kumchukua kwa ajili ya mabao yake tu ni sawa na kununua jahazi kwa ajili ya tanga lake. Anayerudi amebeba miaka kumi ya mambo ambayo vijana wetu hawakuyaona. Ikiwa hatayatoa katika misimu miwili aliyobakiwa nayo, atakwenda nayo kaburini.

ADABU YA KUPOKEZANA

Lugha yetu inamwita kiongozi wa timu kwa jina lile lile la kiongozi wa chombo baharini: nahodha. Wazee wetu wa pwani waliijua kazi ya kumpata nahodha. Mtoto alianza kwa kufua maji, akapanda kuwa baharia, akashikishwa usukani bahari ikiwa shwari huku mwenye chombo amekaa karibu naye, na siku ya dhoruba aliuacha usukani akatazama. Hakuna aliyekabidhiwa jahazi gizani na mtu anayeondoka kwa hasira.

Mwaka 2016 unahodha wa Taifa Stars ulitoka kwa Cannavaro, aliyekuwa anakaribia miaka 34, ukaenda kwa Mbwana Samatta aliyekuwa na miaka 23. Muda mfupi baadaye Cannavaro alitangaza kuiaga timu ya taifa. Kwa upande wa mpira, uchaguzi ule ulizaa matunda: Samatta aliiongoza Tanzania katika fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 2019, za kwanza tangu mwaka 1980. Lakini mtu aweza kuona kwamba badiliko ni la haki na bado akatamani lingefanywa kwa njia ambayo mzee na kijana wangebaki chumba kimoja cha kubadilishia nguo walau kwa mwaka mmoja. Huo mwaka mmoja ndio skuli yenyewe. Yanga, kwa upande wao, walifanya la kupongezwa: Cannavaro alipoacha kucheza mwaka 2018, walimbakisha kama meneja wa timu. Mlango mmoja ulipofungwa, mwengine ulikuwa wazi.

Adabu hii haihitaji fedha. Inahitaji kiongozi wa klabu amwendee mchezaji nyumbani kwake miezi sita kabla, amwambie kwa siri na kwa heshima: "Kaka, msimu ujao utakuwa wa mwisho wako, na tungependa umshike mkono kijana huyu." Anayesikia habari zake kwake hukasirika siku moja, kisha hupoa. Anayezisikia barazani hakasiriki siku moja.

NYUMBA YA MCHEZAJI

Ukurasa huu ni wa familia, basi hatuna haki ya kuyaacha ya nyumbani. Mara nyingi mkongwe hung'ang'ania jezi kwa sababu hana pa kwenda. Katika timu za vikosi kama KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo na Zimamoto, mchezaji aghalabu huwa ni mwajiriwa. Miguu ikichoka, kazi bado ipo, na mwisho wa mwezi watoto hula. Katika timu za uraiani, zilizo roho ya mitaa yetu, mambo ni mengine. Siku ya mwisho ya mpira inaweza kuwa siku ya mwisho ya kipato. Mtu wa namna hiyo hamfundishi kijana kwa moyo mweupe, kwa kuwa kila anachomfundisha ni kama kumkatia mkate wake mwenyewe. Tusimwite mchoyo, tumwite mwenye njaa.

Dawa yake huanza mapema. Mke wa mchezaji, mama yake na ndugu zake wana haki ya kumuuliza akiwa na miaka 25, fedha zikiwa bado zinaingia: je, una ufundi gani mkononi? Umesoma mpaka wapi? Cheti cha ukocha umekianza? Shirikisho la Afrika lina leseni za ukocha za daraja D, C, B na A, na mchezaji anaweza kuanza kuzifuatia kabla hajavua viatu. Klabu inayomlipia mkongwe wake masomo hayo haitoi sadaka. Inanunua mwalimu kwa bei ndogo kuliko bei ya mshambuliaji.

WATOTO WA MNAZI MMOJA

Na wa kufundishwa wapo. Zanzibar imezoea kwa miaka mingi kuwapanga vijana wake kwa marika, Juvenile, Junior na Central, kabla hawajafika katika madaraja ya wakubwa. Ni mpango wa busara ambao nchi nyingi zingeutamani. Mwaka 2023 vijana wetu wa chini ya miaka 15 walitwaa ubingwa wa CECAFA nchini Uganda, katika nchi ile ile walikoshinda baba zao mwaka 1995. Januari 2025 timu ya wakubwa nayo ililitwaa Kombe la Mapinduzi huko Gombani, Pemba, kwa kuifunga Burkina Faso 2 kwa 1. Atakayesema visiwa hivi vimekaukiwa na vipaji hajapita Mnazi Mmoja saa kumi na moja za jioni.

Hatari iliyopo ni kwamba mabingwa wale wa 2023 watakapofika miaka 22, karibu na mwaka 2030, wawe wametawanyika bila ya mtu kuwashika mkono. Hatari nyengine tunaijenga wenyewe, nayo ni ugonjwa wa kupunguza umri. Kijana wa miaka 23 akiandikwa 17, anakaa kiti cha mtoto halisi, na yeye mwenyewe ananyimwa nafasi ya kukua na wakubwa wenzake. Tangu mwaka 2009 shirikisho la dunia hutumia kipimo cha picha ya kifundo cha mkono kuwakagua wachezaji wa chini ya miaka 17. Ni aibu kwamba mashine imelazimika kuuliza swali ambalo mzazi angeweza kulijibu kwa ukweli.

Tusiusahau pia mpira wa kikapu, tulioanza nao. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam aliyezaliwa mwaka 1987, aliushika mchezo huo akiwa na miaka ipatayo 15. Alipofika 22, mwaka 2009, alichaguliwa wa pili katika Marekani nzima, na Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Kimo cha mita 2.21 alipewa na Mola. Mafunzo, ambayo wenzake waliyaanza wakiwa wadogo sana, yeye aliyaanza kwa kuchelewa, na mwaka uliofuata alipelekwa ligi ya chini akajifunze zaidi. Baada ya NBA aliendelea na kazi hiyo Japani na Taiwan. Kisa chake kinatufundisha kuwa ardhi yetu inaotesha. Tunachokosa ni mkulima wa kuwahi na mvua za mwanzo. Hapa Mjini wako watu wazima waliocheza kikapu miaka mingi, ambao jioni hukaa barazani wakiwatazama watoto wakirusha mpira ovyo. Wanyanyuke.

Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 zimepangiwa Tanzania, Kenya na Uganda. Viwanja vinajengwa na watu wengi watavishangilia. Uwanja ni jambo jema, lakini uwanja haufundishi.

Basi tunaomba kitu kimoja kidogo kwa kila kiongozi wa klabu, kuanzia Nungwi hadi Makunduchi. Chukua karatasi uigawe kwa mistari mitatu. Katika mstari wa kwanza andika jina la kila mchezaji wako wa kikosi cha kwanza. Katika wa pili, umri wake wa kweli. Katika wa tatu, jina la kijana anayejifunza kwake kazi hiyo sasa hivi. Ukikuta mwenye miaka 33 na mbele yake hapana jina, usimwandame mzee huyo. Nenda kamtafutie mwanafunzi kabla ya mazoezi ya kesho.